Kipimo cha Mtoto wa Iringa Kisomwe na Nani?



Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 57 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Njombe na Rukwa zilikuwa kwenye asilimia 50 hivi. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Sababu mnazijua, na wanazuoni wengi mlio humu ukumbini ndio mlioziandika: uji wa mahindi matupu, sumukuvu, kuhara, mama anayeshinda shambani huku mtoto akilelewa na dada yake wa miaka saba. Sizirudii.

Kilichonichokoza ni jambo nililolisikia kwenye kikao kimoja huko Nyanda za Juu Kusini, takwimu zilipoonyeshwa ukutani. Mzee mmoja mwenye heshima zake alisimama, akasema: sisi huku tu wafupi tangu mababu, kipimo hiki kimetungwa na Wazungu kwa watoto wa Kizungu. Ukumbi ukapiga makofi. Baadhi ya waliopiga makofi nimewafundisha mimi.

Nimtendee haki mzee huyo. Angeyasema hayo mwaka 1980, ningekaa kimya. Kipimo cha wakati ule kilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wakiwa wamelelewa kwa maziwa ya kopo. Lakini kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas ya Brazil, Accra, Delhi, Oslo, Davis ya California, na Muscat. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, wasiozungukwa na moshi wa sigara, wa nyumba zisizobanwa na ufukara. Matokeo yake yaliwashangaza hata waliokuwa wakiyatarajia. Katika tofauti zote za urefu, zile zilizotokana na mji mmoja na mwingine zilikuwa kama asilimia 3 tu. Tofauti kubwa zilikuwa kati ya mtoto na mtoto wa mji uleule. Kwa hiyo kipimo kilichotoka mwaka 2006 ni cha Accra kama kilivyo cha Oslo.

Si hivyo tu. Hatusemi kila mtoto mfupi amedumaa kwa kukosa matunzo. Penye watoto wenye afya, wapatao 2 au 3 katika 100 huangukia chini ya mstari wetu wa udumavu kwa maumbile yao tu, na wapo wafupi wa Oslo pia. Mtu akitaka ukoo ueleze wale 57 wa Iringa, anieleze pia ni kwa nini mwanya kati ya watoto wetu na kipimo hupanuka zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili, mtoto anapoanzishiwa uji na kutambaa penye uchafu. Urithi gani huo unaosubiri uji? Kisha anieleze taifa lilivyoshuka kutoka karibu nusu ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi asilimia 30, katika muda usiotosha hata vizazi viwili. Ni kweli kwamba mama mfupi huelekea kujifungua mtoto mdogo. Ila mama huyo naye aliwahi kuwa na miaka miwili.

Nimeutumia muda mwingi hapa kwa makusudi. Hoja ya mababu inapendwa kwa sababu inamwachia kila mtu nafasi ya kurudi nyumbani bila kazi.

Sasa nije kwenye nyaraka ninazozipenda kuliko zote, na mnivumilie. Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, zilianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa, ukaingia katika vijiji 168. Mzani wa kuning'iniza ulifungwa kwenye boriti au tawi la mti, mtoto akavalishwa kaptula ya kupimia, uzito ukasomwa kwa sauti, alama ikawekwa kwenye kadi: kijani, kijivu au nyekundu. Mpaka hapo ni kliniki ya kawaida. Raha yangu iko kwenye hatua iliyofuata. Hesabu ilipelekwa kwanza kwenye halmashauri ya kijiji, na huko ikajadiliwa kama yanavyojadiliwa mazao na barabara. Nyumba fulani ina mtoto kwenye nyekundu, kwa nini? Baba yuko wapi? Nani atawalisha watoto mchana wakati wa palizi? Baada ya hapo ndipo namba zilipopanda kwenda kata na wilaya. Kufikia 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile walikuwa wameshuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wenye hali mbaya kabisa kutoka 6.3 hadi 1.8.

Sidai kwamba mzani ndio ulioponya. Chanjo zilikuwa zikienea miaka hiyohiyo. Wala msizilinganishe namba hizo na zile za 2022: kule ni kilo kwa umri, huku ni urefu kwa umri, na Iringa ya wakati ule ilikuwa na Njombe, Makete na Ludewa ndani yake. Njombe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Anayechora mstari mmoja kutoka 1984 mpaka leo anapima ardhi mbili.

Nilipokuwa msaidizi wa utafiti nilishika ubao wa kupimia urefu huko Mufindi. Kazi ngumu haikuwa urefu, ingawa aliye chini ya miaka miwili hulazwa na mkubwa husimamishwa, na kati ya kulala na kusimama kuna milimita saba. Ngumu ilikuwa umri. Mama asiye na kadi tulimrudisha nyuma kwa misimu: alizaliwa kabla ya kuvuna, baada ya Pasaka? Akina mama walisaidiana kukumbuka, kijiji kizima kikawa karani wetu. Jioni tulifunga madaftari, tukapanda gari. Mwenyekiti wa kijiji alipouliza watoto wake wako vipi, kiongozi wetu alimjibu kwamba ripoti itatoka Dar es Salaam.

Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais, na mikoa hupewa alama. Sipingi. Lakini namba inayopanda juu ili mtu apewe alama itatafutiwa rangi nzuri njiani. Wenzangu wa takwimu wananiambia kijiji ni kidogo mno, asilimia yake huyumba. Kweli, huyumba. Ila kijiji hakiihitaji asilimia, kinawajua watoto kwa majina, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo tayari kwenye ratiba kila robo mwaka.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaoandaa utafiti ujao: kabla gari halijaondoka, kila mama aandikiwe urefu wa mwanawe na maana yake, na mwenyekiti aachiwe karatasi moja ya hesabu za kijiji chake. Nimeshajibiwa kwamba hilo litachelewesha magari. Basi na yachelewe.