Muulize Bibi Alipika Nini

 

Leo nataka tuongee habari za babu na bibi zetu. Najua wengine mmeshtuka: mwinjilisti naye ameanza mambo ya mizimu? La hasha. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuwauliza wafu. Haikatazi kumuuliza bibi aliye hai habari za mama yake. Tumeogopa kimoja tukaacha vyote viwili, na watoto wetu hawajui walikotoka.

Soma Kitabu cha Ruthu. Mwishoni kuna orodha ya ukoo inayofika kwa Daudi. Lakini kabla ya orodha tunaonyeshwa mjane mgeni aliyevuka mpaka kutoka Moabu, anaokota masazo ya shayiri, anachovya tonge kwenye siki, jioni anapura alichookota na kumpelekea mkwewe. Daudi ni kitukuu chake. Bila ile shayiri tungebaki na jina tupu.

Sasa sisi, kila mtu anatafuta chifu katika ukoo wake! Na wale waliolima na kubeba mizigo ni babu wa nani?

Kama babu yako alifanya kazi Kenya enzi za mkoloni, ulizia kipande chake. Wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na humo mliandikwa mwajiri na mshahara. Kama alitoka Burundi, Rwanda au Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga, alikuwa manamba, mtu wa kuitwa kwa namba. Mungu anamjua kwa jina. Wewe je? Na kama alibebeshwa mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, jina la kikosi cha wapagazi ndilo limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Tunanunua nyanya pale bila kujua.

Ukikaa na mzee, usianze na mwaka aliozaliwa. Muulize alizaliwa kabla ya njaa ipi, au nzige walikuja akiwa wa kimo gani. Kisha shuka kwenye maisha yenyewe. Chumvi mlipata wapi? Nguo ya kwanza ulinunua kwa pesa ya kazi gani? Mama alijifungulia wapi? Nani alileta Injili, na nyumbani walisemaje? Andika kwa lugha yake, usimsahihishe. Simu yako inarekodi, itumie. Weka tarehe na jina la aliyesema.

Utakutana na mengine mazito: matambiko, deni, mtoto aliyekataliwa. Usiyafute. Mathayo 1 haikumficha Rahabu.

Ndugu zangu, mstari wa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Hawakuuliza ukoo wa mtu. Wakuria wako huku na huku, Wamasai vilevile. Wengi wetu tuna shangazi ng'ambo ya pili, na anayeijua njia ya kwake ni mzee mmoja tu. Akilala huyo, watoto wetu watakutana kwenye mikutano hii kama wageni, kumbe ni damu moja.

Na wazee hao tunao. Tunawaketisha mstari wa mbele, tunawapa soda, tunawapigia makofi, halafu tunawarudisha nyumbani bila kuwauliza neno. Paulo alipoitazama imani ya Timotheo alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani ile ilipita jikoni kwa mtu.

Basi kabla ya mkutano ujao, kila nyumba mzee mmoja na daftari moja. Wa Kenya mkamwulize nyanya, wa Tanzania tukamwulize bibi. Tukikutana tena, tuje na madaftari tuyasome pamoja. Anza wiki hii, mpendwa, maana mzee hakungoji.