Bima za Matibabu: Nani Alipe?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Changamwe, Likoni na Kisauni)

Ndugu wafanyi kazi,

Kila mwezi twakatwa fedha za matibabu, lakini mtu akiugua wengi wetu hatujui tubishe mlango gani. Milango ni mitatu, na kila mmoja una sheria yake.

Wa kwanza ni wa serikali. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilishika mahali pa NHIF, iliyoanza mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima, na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Apataye 20,000 hukatwa 550. Tajiri haongezi kitu. Kazi yake ni kuzifikisha fedha zetu kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi ufuatao. Asipozifikisha, wewe umekatwa, na hospitali yakuona hujalipa. Katika zahanati na vituo vya afya matibabu hulipwa na mfuko wa serikali, mradi umejiandikisha. Kulazwa hospitali kubwa ndiko kunakotegemea makato hayo.

Wa pili ni bima ambayo tajiri huinunua akipenda, au tukimbana katika mapatano. Bima hizi hazifanani. Nyingine zina orodha ya hospitali: ukitibiwa nje ya orodha, walipa mwenyewe. Nyingine zataka uonwe kwanza na daktari wao, naye ndiye akutume kwa bingwa. Nyingine walipa kwanza, kisha warudishiwa kwa risiti. Basi kabla ya kupiga makofi tuulize: Hospitali gani? Kikomo cha mwaka ni kiasi gani? Mke na watoto wamo? Mtu wa Likoni akiugua usiku, itambidi avuke feri?

Mlango wa tatu husahauliwa. Ukiumia kazini, kwa kreni, kontena au mashine, sheria ya mwaka 2007 ya majeraha ya kazini yamtaka tajiri agharimie matibabu. Ukiambiwa, "Tumia kadi yako ya SHA," ujue mzigo wake watwikwa wewe. Mpe habari msimamizi siku ile ile, shika majina ya mashahidi, na mjulishe mjumbe wa chama.

Ndugu, karatasi ya mshahara isitupwe. Ilinganisheni na hesabu ya SHA. Zisipopatana, njooni ofisini. Wala asije mmoja, njooni wote mliokatwa.