Ugonjwa Usitugawanye



Tunawaletea habari ya zamani. Mwaka 638 au 639 tauni ilizuka Amwasi, karibu na Yerusalemu. Waislamu walikuwa wameitwaa nchi ya Shamu karibuni tu. Waandishi wa Kiarabu wanahesabu waliokufa kuwa wapata 25,000.

Khalifa Umar alikuwa safarini kutoka Madina. Alipofika Sargh, wakuu wa jeshi wakamletea habari hiyo. Hakuamua peke yake. Aliwaita waliohama Maka pamoja na Mtume: hawakupatana. Akawaita watu wa Madina waliowapokea wahamaji hao: nao wakagawanyika. Mwisho akawaita wazee wa Wakureshi, nao wakakubaliana wote kwamba watu wasipelekwe penye tauni. Umar akarudi.

Abu Ubayda, mkuu wa Shamu, alimwuliza kama anayakimbia majaliwa ya Mungu. Umar akampa mfano wa mchunga ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Akichagua majani, hajatoka katika majaliwa ya Mungu.

Abu Ubayda alibaki na watu wake, akafa. Muadh bin Jabal aliyemfuata akafa pia. Kisha Amr bin al-As akawaambia watu watawanyike milimani. Wengine walimpinga kwa ukali, lakini watu walitoka, na tauni ikapita. Umar hakumlaumu.

Baadaye Umar alikwenda Shamu kupanga urithi wa waliokufa. Hapo tukae kidogo. Mtu akifa ugenini, shamba lake hubaki na nani? Mjane na yatima wasiposikilizwa, ugomvi mwingine huzaliwa.

Tauni ilirudi Shamu na Iraki mara nyingi hadi karibu mwaka 750. Khalifa Hisham, aliyetawala 724 hadi 743, alipendelea kukaa Rusafa, mbali na miji mikubwa.

Sisi pia tunaijua tauni, kule Ituri. Leo ina dawa, mgonjwa akiwahishwa kituo cha afya. Basi viongozi, tunawaomba mambo matatu. Ulizeni wengi kabla ya kuamua. Msikubali kabila lolote lisingiziwe kuleta ugonjwa. Na andikeni mali ya marehemu mbele ya mashahidi, wakiwemo akina mama.