Afya ya Akili Ianzie Zahanati

(Hotuba kwa waganga wafawidhi, wahudumu wa afya wa vijiji na wazee wa sharika, Mwanza)

 

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike Bugando. Tunamshukuru Mungu. Lakini mgonjwa wa Ukara bado anahitaji chombo cha majini, nauli, msindikizaji na mahali pa kulala. Kwa mtu anayetakiwa kumeza dawa kila siku na kuonwa mara kwa mara, safari hiyo ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana wengine huishia kwa mganga wa kienyeji, na wengine hufungwa kamba nyumbani. Mara nyingi si ukatili wa ndugu. Ni kukosa pa kwenda.

Kuipeleka huduma hii ngazi ya chini si wazo geni kwetu. Baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi, nchi yetu ilifanya majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro miaka ya 1980. Sheria ya Afya ya Akili ikatungwa 2008. Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina bibi kukaa na wenye sonona kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa dalili zao zilipungua. Nasi mabenchi tunayo.

Hata hivyo, tukiri kosa letu. Tulipoanza tuliendesha semina ya siku tatu, tukagawa vyeti, tukaondoka. Tuliporudi katika zahanati moja ya kisiwani, muuguzi tuliyemfundisha alikuwa amehamishwa na dawa za kifafa zimekwisha. Kijana aliyekuwa ametulia alianza tena kuanguka, akaungua mkono jikoni. Mama yake hakutulaumu. Alituuliza tu dawa zitakuja lini, nasi hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Kila zahanati ifundishe watumishi wawili, siyo mmoja, na mratibu wa afya ya akili wa wilaya awatembelee kazini.

2. Dawa za kifafa na za akili ziagizwe mapema kama za malaria. Kuziacha ghafla ni hatari.

3. Kwenye kliniki ya wajawazito na ya wanaotumia ARV, tuulize: "Unalala vizuri? Umekata tamaa?" Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyo hiyo.

4. Wazee wa sharika, ombeni na mgonjwa, lakini msimwambie aache dawa. Mkumbusheni tarehe ya kliniki.

Sisi wa ofisini tunaahidi kuwa kila semina itafuatiwa na ziara, na hatutahesabu vyeti tena. Tutahesabu wagonjwa ambao bado wanapata dawa baada ya mwaka mmoja. Mkituona tumenyamaza, tuulizeni kama alivyotuuliza yule mama.