Mtoto Akipumua kwa Shida, Tazameni na Fahamu Zake



Tunapowakumbuka waliovuka Busia na Malaba mwaka 2008 na kupokelewa Mulanda, sisi wanakamati tumechagua kusema juu ya watoto. Hapa Sop Sop malaria haina habari ya mpaka.

Mtoto akihema, wengi wetu husema, "Ni kifua tu," tukangoja kuche. Pengine ni kifua kweli. Lakini pengine ugonjwa umekwisha kugusa ubongo, na hapo kungoja asubuhi ni hatari.

Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walitangaza uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Walifariki 64. Zaidi ya wanne katika kila watano kati ya hao waliofariki walikuwa na fahamu zilizopungua, au walipumua kwa shida, au yote mawili.

Malaria ikizidi, asidi hujaa katika damu. Mwili hujitahidi kuitoa kwa pumzi. Mtoto huvuta pumzi ndefu, nzito, hata kama mapafu ni mazima.

Kwa hiyo, mtoto akipumua kwa shida, tazameni haya:

1. Mwiteni. Je, anaamka na kumtambua mama?

2. Kama yu macho, je, anaweza kunyonya au kunywa?

3. Je, amepatwa na degedege? Degedege si jini wala ndege wa usiku. Ni dalili ya ugonjwa, na ina matibabu.

4. Je, shingo imekakamaa, au utosi wa mtoto mchanga umevimba? Huenda ni homa ya uti wa mgongo.

5. Je, mkono au mguu umelegea ghafula? Kupooza huweza kufika kwenye misuli ya kupumulia.

Mkiona hata dalili moja, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu. Asitiwe kitu kinywani: si kijiko, si dawa, si maji.

Nanyi wafanyakazi wa afya, mama akisema, "Mwanangu hanitambui," msimwache kwenye foleni ya wenye kikohozi. Mama huyo amekwisha kuwapeni habari kubwa kuliko zote.

Tuwalinde watoto wetu.