Mimea Hai katika Tangi la Samaki: Namna ya Kuichagua na Kuiingiza kwa Usalama



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumzia mizani ya sokoni, tarehe za mwisho za matumizi na vifaa vya umeme visivyo na ubora. Leo tunazungumzia bidhaa ambayo wengi huihesabu kuwa pambo tu: mimea hai inayouzwa kwa ajili ya matangi ya kioo ya kufugia samaki nyumbani. Mnunuzi hulipia tawi la kijani, akalitia tangini siku hiyo hiyo, na baada ya majuma machache tawi limeoza, maji yamechafuka na samaki wanakufa mmoja mmoja. Hiyo ni hasara ya mfukoni. Ipo hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inahusu maziwa yetu, mito yetu na mashamba ya mpunga.

Tuanze dukani. Si kila mmea uliozamishwa ndani ya tangi la muuzaji ni mmea wa majini. Mfano ulio wazi ni ule uitwao mwanzi wa bahati. Huo si mwanzi hata kidogo. Ni mmea wa nchi kavu wa jamii ya drasena, wenye asili ya Afrika ya Kati. Mizizi yake huvumilia maji, lakini majani yake yakizamishwa yote huoza polepole, na uozo huo huzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo mwulizeni muuzaji jina la mmea, na mwulizeni pia umekaa chini ya maji kwa muda gani. Asiyejua jibu la maswali hayo mawili hajui anachokiuza. Dai risiti iliyoandikwa jina la mmea, kwani bila hiyo ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba uliuziwa kitu kingine.

Kwa anayeanza, tunapendekeza mimea michache isiyohitaji taa kali wala gesi ya kaboni. Wa kwanza ni anubiasi, ambao kwao ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwenye kingo za vijito vyenye kivuli. Wa pili ni kangaga la Java, litokalo Asia ya Kusini-Mashariki. Yote miwili ina shina nene lilalo, mfano wa tangawizi, na hapa ndipo wengi hukosea: shina hilo likifukiwa mchangani huoza. Lifungeni juu ya jiwe au kipande cha mti kwa uzi wa pamba, mizizi itajishika yenyewe. Mimea hii hukua taratibu mno, na mwenye haraka atavunjika moyo. Huyo achague valisneria, yenye majani marefu kama utepe, ambayo humea pia katika Ziwa Tanganyika; mizizi yake hufukiwa, ila kitovu cha majani hubaki juu ya mchanga. Seratofilamu haina mizizi kabisa. Huachwa ielee, nayo hufyonza taka za samaki kwa bidii.

Kuhusu kriptokorini tuna neno moja. Mmea huu ukihamishwa huweza kupukutisha majani yote ndani ya siku chache. Msikimbilie kuurudisha dukani. Ikiwa mizizi ni imara, uacheni palepale mlipoupanda, utachipua tena. Mimea mingi ya biashara hukuzwa kitaluni majani yakiwa hewani, na majani hayo hufa ili yale ya majini yachukue nafasi.

Sasa tufike kwenye usalama, ambao ndio hasa uliotuleta. Mmea hauji peke yake. Huja na konokono, mayai, vipande vya mwani, na wakati mwingine mabaki ya viuadudu. Mwaka 2021 nchini Marekani, mipira ya mwani iliyokuwa ikiuzwa madukani kama pambo la matangi iligunduliwa kuwa imebeba kome wadogo wenye milia, viumbe wavamizi wanaoziba mabomba ya maji. Karibu nasi zaidi, mwaka 2020 konokono mvamizi mwenye asili ya Amerika Kusini alibainika katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Mayai yake ni ya rangi ya waridi, nayo hutagwa juu ya usawa wa maji. Hatusemi kwamba aliletwa na wafugaji wa samaki wa pale. Ila biashara ya matangi ni mojawapo ya njia zilizomsambaza duniani.

Tena kuna kichocho. Wapo wanaochuma mimea kwenye mabwawa na mifereji ya umwagiliaji, wengine kwa matumizi yao, wengine ili wauze. Konokono wa maji baridi waenezao kichocho hujishikiza kwenye mimea hiyo hiyo, na konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa vijidudu majini, vipenyavyo ngozi ya mtu. Mchumaji huwa hatarini tangu anapotia mguu majini. Anayenunua huweza kuileta hatari hiyo mezani kwake, mahali watoto wanapotumbukiza mikono. Msichume wenyewe, na msinunue mmea uliochumwa hivyo.

Hata mmea wa kitalu haufai kuingizwa tangini siku ya kwanza. Utoeni kwenye kikopo chake, ondoeni ile nyuzinyuzi laini kama pamba iliyoizunguka mizizi, na kibanzi chochote cha risasi kilichofungwa shinani. Kateni majani yaliyooza. Suuzeni kwa maji yanayotiririka mkikagua upande wa chini wa kila jani, kwa sababu mayai ya konokono wengi huonekana kama tone la ute unaong'aa. Kisha wekeni mmea kwenye ndoo safi isiyo na samaki, mahali penye mwanga, kwa majuma mawili hadi matatu, mkibadilisha maji kila baada ya siku chache na kuwaondoa konokono wanaoanguliwa. Wanaofuga uduvi wasilifupishe zoezi hili hata kwa siku moja, maana viuadudu visivyomdhuru samaki huua uduvi kwa usiku mmoja. Wako wanaoshauri kuchovya mmea katika dawa ya kung'arisha nguo. Sisi hatuipendekezi kwa mtumiaji wa kawaida: nguvu ya dawa hizo hutofautiana chupa kwa chupa, na mimea laini huungua.

Mmea ukishaingia tangini, taa ya saa 6 hadi 8 kwa siku inatosha. Ikizidi, mwani ndio utakaostawi. Kumbukeni pia kwamba usiku mimea huvuta oksijeni kama samaki. Tangi lililosheheni mimea na samaki huhitaji pampu ya hewa, na umeme unapokatika usiku hilo ndilo tangi la kwanza kupata shida. Afadhali mimea minne mizuri kuliko msitu.

Limebaki suala la mimea mnayoipunguza. Gugumaji, ambalo kwao ni Amerika Kusini, lilipendwa kwa maua yake likapelekwa nchi nyingi kama pambo la bwawani. Katika Ziwa Viktoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 mitumbwi ilikuwa ikishindwa kutoka bandarini. Msilinunue, wala msilipokee kama zawadi, hata liwe na ua zuri namna gani. Vipande vya mimea ya tangini vianikwe juani hadi vikauke kabisa, kisha vichomwe au vifukiwe. Maji ya tangi na ya ndoo ya karantini yamwagwe kwenye udongo wa bustani iliyo mbali na mfereji, kamwe yasimwagwe mtoni wala kwenye mtaro wa mvua.

Ndoo mbili zilizo mbele yenu zina anubiasi na drasena. Tunawakaribisha mje mzitazame kwa karibu kabla hatujapokea maswali.