GARI JIPYA NALO LITAZAMWE

Hotuba ya Katibu wa Tawi kwa madereva, makondakta, mataniboi na makanika, Bokoli



Nimetakiwa niseme habari ya ukaguzi wa magari. Wengi wenu mna neno moja: "Gari ninaloendesha ni jipya, ukaguzi haunihusu." Neno hilo ndilo nataka tulitazame.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yasema gari lililopita miaka minne tangu kutengenezwa lapaswa kukaguliwa. Magari ya biashara nayo yamo, kwa hiyo matatu au lori haliponi kwa kuwa jipya. Mwaka wa 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni mpya ili wananchi watoe maoni. Rasimu hiyo ilitaka magari ya watu binafsi yaliyopita miaka minne yapelekwe kukaguliwa kweli, na vituo vya watu binafsi vipewe leseni ya kukagua.

Sasa, miaka minne yahesabiwa tangu lini? Si tangu siku tajiri aliponunua. Yahesabiwa tangu kiwandani. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi halijapita miaka minane. Basi gari lililotengenezwa Japani mwaka wa 2018, likashuka Mombasa mwaka wa 2025, lina miaka saba. Hapa sokoni twaliita jipya. Mbele ya sheria limekwisha kupita kipimo.

Uingereza walipoanza ukaguzi wa namna hii mwaka wa 1960, walipima magari yaliyofika miaka kumi. Kufika 1967 walikuwa wameteremka hadi miaka mitatu. Mwaka wa 2023 serikali yao ilifikiria kupandisha hadi minne. Januari 2024 ikaliacha wazo hilo.

Tena gari la mtu binafsi ambalo ni jipya kweli limesamehewe kwenda kituoni tu, halikusamehewa breki. Gari linalotoka Bokoli na magunia ya mahindi, likapita barabara ya udongo wakati wa mvua mpaka lami ya Webuye na Kitale, humaliza breki na tairi mapema. Mkaguzi hulitazama siku moja. Wewe walitazama kila asubuhi.

Ndugu, hapa ndipo shauri la chama. Polisi akisimamisha gari bovu, anayeshuka ni dereva. Tajiri yuko nyumbani. Breki zikikatika mteremkoni, walio mbele ni dereva na taniboi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu mkubwa wake, na hatari isipoondolewa asilazimishwe kurudi humo. Wala haifai kumwadhibu kwa kuwa alilalamika.

Basi nawaomba mambo matatu.

Kwanza, tazama mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa katika kitabu cha gari. Usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Pili, kabla ya kutia moto, tazama breki, tairi, taa, usukani na mikanda.

Tatu, ukiona ubovu, uandike: tarehe, namba ya gari na kilichoharibika. Nakala moja mpe tajiri, moja ubaki nayo. Asipotengeneza, ilete kwa tawi kabla hujaingia barabarani, si baada ya ajali.

Najua mtaniuliza: "Katibu, nikikataa gari, si nitapoteza kazi?" Sitawadanganya. Dereva mmoja akikataa peke yake, mwenzake atapokea ufunguo jioni ile ile, naye atakwenda na gari lile lile bovu. Chama kiliundwa kwa ajili ya jioni hiyo. Tukubaliane leo hapa Bokoli kwamba ufunguo uliorudishwa kwa sababu ya breki hakuna mwanachama atakayeupokea mpaka gari litengenezwe.

Umoja ni nguvu.